Jiwe Halijibu Swali



Katika mji wa Roma liko kanisa la Mtakatifu Klementi, lililojengwa yapata mwaka 1100. Mwaka 1857 Padri Joseph Mullooly, Mdominiko kutoka Ayalandi, alianza kuchimba chini yake. Akakuta kanisa lingine, la karne ya 4. Chini ya hilo tena, wachimbaji wakafikia chumba cha giza, chenye vibaraza vya mawe pande mbili na altare katikati. Altare hiyo ilikuwa ya Mithras, mungu wa wapagani.

Mithras huchongwa hivi katika jiwe: kijana mwenye kofia ya ncha iliyopinda amemwangusha fahali, anamchoma kisu, lakini uso wake ameugeuza pembeni. Mbwa na nyoka wanaielekea damu. Nge anamshika fahali chini ya tumbo. Juu yako jua na mwezi, na mara nyingi mkia wa fahali huishia kwa masuke ya ngano. Nakshi za namna hiyo zimepatikana kwa mamia, toka Uingereza hata Siria, mahali walipokaa askari na wachuuzi wa Kirumi.

Maana yake ni nini? Wataalamu wanabishana hata leo. Ibada ile ilikuwa siri ya wanaume, wanawake hawakuingizwa. Wala hakuna kitabu chao cha mafundisho kilichotufikia.

Katikati ya karne ya 2 Mtakatifu Yustino alimwandikia Kaisari Antoninus Pius. Alisema kwamba watu wa Mithras nao walikuwa na mkate na kikombe cha maji katika ibada yao. Lakini mambo ya Wakristu aliyaeleza waziwazi: Ubatizo, mkutano wa Jumapili, na Ekaristia.

Labda mtu atasema: «Mwaka 391 Kaisari Theodosius alikataza ibada za wapagani.» Ni kweli. Lakini Wakristu nao walikatazwa zamani, wakauawa, na Yustino mmojawapo. Hata hivyo mafundisho yao hayakupotea. Maana mama alimfundisha mtoto wake, na mtumwa alijifunza imani ile ile ya bwana wake.

Basi, ndugu, mtoto wako akikuuliza maana ya msalaba ulio ukutani, usimwambie: «Ngoja katekista aje.» Mjibu wewe mwenyewe, siku ile ile.

Swali: Kwa nini hatujui maana ya sanamu za Mithras?
Jibu: Kwa sababu waliojua maana yake walikufa nayo.