Mazingira na uwezo wa kuzaa

Baadhi ya kemikali, moshi na joto ambavyo mtu hukutana navyo kila siku nyumbani, shambani au kazini huweza kupunguza uwezo wake wa kuzaa. Athari hizo huwapata wanaume na wanawake.

Kwa mwanamume, korodani huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Joto kali la muda mrefu, kama la tanuri, hupunguza mbegu. Madini ya risasi, yanayopatikana katika betri za magari na baadhi ya rangi, huharibu ubora wa mbegu hizo. Kwa mwanamke, moshi wa sigara huharakisha kupungua kwa mayai na huleta ukomo wa hedhi mapema.

Mfano mashuhuri ni wa dibromokloropropani, kiuatilifu cha kuua minyoo ya mizizi. Mwaka 1977, wafanyakazi wa kiwanda kimoja kilichokitengeneza huko Lathrop, California, walitambua kuwa wachache wao walikuwa wakipata watoto. Vipimo vilionyesha baadhi yao hawakuwa na mbegu kabisa. Marekani ilipiga marufuku matumizi mengi ya kiuatilifu hicho mwaka 1979.

Mbegu za kiume huchukua takriban miezi miwili na nusu kukomaa, hivyo mara nyingi hali huimarika chanzo kikiondolewa. Mayai yaliyopotea hayarudi. Wanandoa wanaochelewa kupata mtoto wapimwe wote wawili, na wamweleze daktari kazi wanazofanya.