Sura ya Bwana na Mchoraji Asiyejulikana

Wakristo wa Ethiopia waliipa picha moja jina Kwer'ata Re'esu, yaani kupigwa kwa kichwa chake. Ni habari ya Marko 15:19: Bwana Yesu amevikwa taji ya miiba. Ilichorwa kwa mtindo wa Ulaya yapata mwaka 1520, ila wataalamu hawakubaliani ni kazi ya nani. Wengine humtaja mchoraji wa Flandria, iliyo sehemu ya Ubelgiji ya leo. Wengine husema ni Mreno.

Waethiopia hawakungoja jibu. Wafalme waliibeba vitani, na viapo viliapwa mbele yake. Mwaka 1744 walishindwa vitani na jeshi la Sennar, katika Sudan ya leo, picha ikatekwa. Wakaikomboa.

Mwaka 1868, Jumatatu ya Pasaka, Waingereza waliiteka ngome ya Magdala, na Mfalme Tewodros akajiua. Richard Holmes, aliyetumwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza, aliichukua picha ile akaifanya mali yake. Baada ya kifo chake iliuzwa mnadani London mwaka 1917, na hatimaye ikafika Ureno. Ethiopia haijarudishiwa.

Basi aliyeichora hatumjui, ila aliyeichukua twamjua. Sisi wa Tabora si wageni wa jambo hili. Wapagazi walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi Bagamoyo, lakini vitabu vilihifadhi zaidi majina ya wenye misafara. Hata makanisani mwetu, jiwe la msingi lina jina la aliyelizindua. Waliofyatua matofali hawamo.

Mtu atauliza: Mlutheri ana nini na picha? Hatuziabudu. Lakini mwaka 1522 Luther alirudi Wittenberg na kuwakemea waliozivunja kwa fujo, akihubiri kwamba Neno ndilo libadilishalo moyo. Picha ikimkumbusha mtu mateso ya Bwana, imefanya kazi njema, hata kama hatujui imetoka mkononi mwa nani.

Kwa hiyo nayaona mawili. Kwanza, Amri ya Saba haizeeki: kilichochukuliwa kwa mabavu hakigeuki halali kwa kupita miaka 150, na kanisa lisione haya kulisema hilo. Pili, wewe unayefagia kanisa Jumamosi bila kutajwa kwenye matangazo ya Jumapili, usivunjike moyo. Mchoraji yule naye hatajwi, lakini kwa karne nyingi watu walimtazama Kristo kupitia kazi yake.