Tukiiona Tutafurahi: Nyumba ya Mbari Mbayo na Watu wa Osogbo

Kisa cha Mbari Mbayo kinaanzia kanisani, na chanzo chake ni ngoma. Mwaka 1961 Duro Ladipo, mwalimu wa shule na mtunzi wa nyimbo katika mji wa Osogbo, magharibi mwa Nigeria, alitunga kantata ya Pasaka kwa Kiyoruba na kuitilia ngoma za Wayoruba, zile zinazosemeshwa mpaka msikilizaji akasikia maneno. Wakubwa wa kanisa hawakupendezwa. Kwao ngoma hizo zilikuwa za miungu ya kale, hazikuwa na nafasi mbele ya madhabahu. Ladipo aliwachukua waimbaji wake akaenda kuimba kwingine. Mwaka uliofuata, mwezi Machi, baa aliyokuwa nayo mjini iligeuzwa kuwa nyumba ya sanaa, yenye picha ukutani na mahali pa kuchezea michezo ya kuigiza.

Wazo lenyewe lilitoka Ibadan, ambako mwaka 1961 kundi la waandishi na wachoraji lilikuwa limefungua klabu yao karibu na soko. Wole Soyinka alikuwamo, pamoja na Christopher Okigbo, J. P. Clark na Chinua Achebe. Ulli Beier, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Nigeria tangu 1950, alikuwa mmoja wa waasisi, na Ezekiel Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Achebe alipendekeza jina la Mbari. Kwa Waigbo, mbari ilikuwa nyumba ya udongo iliyojaa sanamu, iliyojengwa kwa heshima ya Ala, mungu wa ardhi. Mafundi walitengwa na jamii kwa miezi mingi wakiifinyanga. Ilipokamilika ilifunguliwa kwa sherehe, kisha ikaachwa mvua iibomoe pole pole.

Jina hilo lilipofika Osogbo, watu wa sokoni hawakuwa na habari na Kiigbo. Walilisikia kwa masikio ya Kiyoruba wakaliongezea kipande, likawa Mbari Mbayo, yaani tukiiona tutafurahi. Kwangu mimi hapo ndipo nyumba ile ilipopata wenyewe. Wasomi walileta neno, na wauza vitambaa na mihogo wakalitia maana yao bila kuomba ruhusa.

Tofauti ya nyumba hizi mbili ilikuwa kubwa kuliko jina. Mbari ya Ibadan ilikuwa klabu ya watu waliokwisha kupita chuo kikuu, na kazi yake kuu iliyobaki ni vitabu. Ilichapisha *Heavensgate* ya Okigbo na *A Walk in the Night* ya Alex La Guma mwaka 1962, kisha mashairi ya Dennis Brutus mwaka 1963, wakati serikali ya makaburu ikimwandama. Mwandishi wa Cape Town ambaye kwao hakuweza kusomwa alipata mchapishaji karibu na soko la Ibadan, na jambo hilo linastahili kukumbukwa kila tunapouliza mchapishaji mdogo anafaa nini.

Mbari Mbayo ilikuwa kitu kingine. Mgeni wake wa kwanza alikuwa jirani, mtu aliyepita njia akasikia ngoma, akaingia, akazikuta picha. Aliyekuja kwa ajili ya mchezo alijikuta katikati ya maonyesho, na aliyeleta macho yake kwenye picha alikaa mpaka usiku kutazama mchezo. Ladipo alifungua nyumba kwa mchezo wake *Oba Moro*. Mwaka 1963, nyumba ilipotimiza mwaka mmoja, alitoa *Oba Ko So*, hadithi ya Sango, mfalme wa Oyo aliyekuja kuwa mungu wa radi. Mwaka 1964 kundi lake lilikuwa jukwaani Berlin na mchezo huohuo, na mwaka huohuo Mbari ikachapisha michezo yake mitatu kama kitabu. Mtunzi wa mji wa mkoani alikuwa na jukwaa lake mwenyewe la kujaribia kila tukio, mbele ya watu wanaoijua hadithi kumshinda na wasiomwonea haya akikosea. Nadhani hakuna msaada mkubwa zaidi ambao mwandishi anaweza kupewa.

Kisha zikaja warsha. Za mwanzo ziliongozwa na Denis Williams, mchoraji na mwandishi kutoka Guyana, na humo wakatokea Jacob Afolabi na Rufus Ogundele. Mwaka 1964 Georgina Beier, mchoraji Mwingereza, aliendesha warsha ya siku chache tu ambayo matunda yake yangali kwenye kuta za makumbusho duniani. Hakukuwa na turubai wala rangi za bei ghali. Walipaka mbao laini za kiwandani kwa rangi ya kuta za nyumba. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa zaidi, maana miaka michache baadaye Edward Saidi Tingatinga naye alianza kwa ubao wa dari na rangi ya baiskeli. Warsha ile haikuchagua watu kwa vyeti. Vijana walioingia walikuwa wacheza ngoma, waigizaji na vibarua, wengi wao wakiwa tayari katika kundi la Ladipo.

Jimoh Buraimoh alikuwa fundi wa taa za jukwaani. Alipoanza kuchora alileta shanga, akazipanga na kuzigandisha ubaoni mstari kwa mstari, kwa kuwa kwa Wayoruba shanga ndizo taji la mfalme. Muraina Oyelami alikuwa mpiga ngoma na mwigizaji. Taiwo Olaniyi, aliyejiita Twins Seven Seven, alifika mjini akimchezea ngoma mwuza dawa anayezunguka miji na gari. Alikuwa akisema kwamba mama yake alizaa pacha mara saba na kwamba katika wote ni yeye pekee aliyebaki. Alipopewa kalamu na wino alijaza karatasi mpaka pembeni. Wanyama wake walikuwa na watu tumboni, na mizimu yake ya msituni ilikuwa ya ulimwengu uleule wa riwaya za Amos Tutuola. Mwaka 2005 UNESCO ilimtangaza kuwa Msanii wa Amani.

Ila anayenigusa kuliko wote ni Asiru Olatunde, mtu mzima asiyetokana na warsha. Alizaliwa katika ukoo wa wahunzi, lakini afya ilimkatalia nyundo kubwa, akabaki na nyundo ndogo na kufua vipuli na mapambo. Watu wa Mbari walipoviona walimtia moyo ajaribu mabamba mapana, kwanza ya shaba, baadaye ya alumini. Akawa anaketi na bamba akiligonga kwa tindo kutoka nyuma na mbele, mpaka mti ukainuka, kisha ndege juu ya mti, kisha watu chini yake wakila na kucheza. Alama za tindo ni nyingi hata bamba zima hutetemeka likipigwa na mwanga. Adam na Hawa wamo mle, na wafalme wa Kiyoruba wamo, bega kwa bega. Karibu naye alikuwapo Adebisi Akanji, mwashi, aliyetengeneza wanyama wa saruji na kuta za nakshi zenye matundu. Moja ya kuta hizo iliwekwa kwenye kituo cha petroli cha mjini. Akanji alifanya kazi pia na Susanne Wenger, msanii kutoka Austria, katika msitu wa mungu Osun, ambao tangu 2005 ni urithi wa dunia.

Lawama zipo, na haki ni kuzitaja. Vijana walichaguliwa, wakaelekezwa na kusifiwa na Wazungu wachache, na picha nyingi ziliishia kwa wanunuzi wa Ulaya na Marekani. Watu wa Osogbo walishangilia michezo, lakini fedha za kununua picha hawakuwa nazo. Klabu za Mbari zilisaidiwa na shirika la Congress for Cultural Freedom la Paris, na mwaka 1967 ikathibitika kwamba nyuma yake ilikuwapo CIA, idara ya ujasusi ya Marekani. Waandishi waliokubali msaada ule bila kujua waliumia sana. Mimi nasoma vitabu vyao na kuzitazama picha zao na sioni mkono wa jasusi mle. Naona tu jinsi ilivyo hatari nyumba ya sanaa kutoulizia fedha zake zinatoka wapi. Vita vya Biafra vilipoanza mwaka huohuo, Okigbo alikufa mstari wa mbele na kundi la Ibadan likatawanyika. Ulli Beier alikuwa amekwisha kuondoka Nigeria mwaka 1966.

Mbegu moja iliangukia kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1963 Mphahlele alihamia Nairobi akafungua kituo cha Chemchemi kwa mfano wa Mbari, na upande wa uchoraji akaukabidhi kwa Elimo Njau, Mchaga wa Marangu aliyesomea Makerere na kuchora maisha ya Yesu katika mazingira ya Waagikuyu kwenye kanisa la Murang'a. Chemchemi haikudumu. Lakini mwaka 1965 Njau na mkewe Rebeka, mwandishi wa tamthilia na riwaya, pamoja na rafiki zao, akiwamo mshairi Jonathan Kariara, walianzisha Paa ya Paa. Paa ni mnyama mdogo wa porini na kupaa ni kwenda juu, jina linalochezea lugha kama Mbari Mbayo ilivyofanya. Na huko kwao Marangu, chini ya Kilimanjaro, Njau alifungua Kibo Gallery, akiwaonya vijana wasinakili, kwa kuwa kunakili humlaza Mungu usingizi. Moto uliunguza Paa ya Paa mwaka 1997, nayo ikafunguliwa tena.

Turudi Osogbo. Ladipo alifariki mwaka 1978, na kuhusu nyumba yake limebaki jambo moja. Ukiyapanga majina ya vijana wa warsha ya 1964 yote ni ya wanaume, na hilo si kwa sababu mji haukuwa na wanawake wenye mikono ya sanaa. Nike Davies alifika Osogbo akiwa msichana, akaolewa na Twins Seven Seven katika nyumba ya wake wengi. Ufundi wake hakuupata warshani. Aliurithi kwa wanawake wa ukoo wake, ambao hupika uji mzito wa muhogo, wakachovya unyoya wa kuku na kuchora nao juu ya kitambaa cheupe. Kikishakauka hutumbukizwa katika mtungi wa nili mara kadhaa. Palipo na uji rangi haipiti. Mwaka 1983 alifungua kituo chake palepale Osogbo, akawaita wasichana wasio na karo, akawafundisha bila malipo namna ya kuushika ule unyoya.