Safu Tupu Mbele ya Jina la Mke

Katika madaftari ya sensa ya Uingereza ya zama za Malkia Victoria, kaya ya kibarua wa shambani huwa ni mistari michache tu. Mfano wa kawaida ni huu: baba, miaka 38, kibarua, mke, miaka 36, safu ya kazi tupu, mvulana wa miaka 12, mswaga farasi wa plau, binti wa miaka 9, mwanafunzi. Vistari viwili vya mshazari, nyumba imeishia hapo. Wengi huitazama safu ile tupu wakahitimisha kwamba mke alikuwa akilishwa na mumewe. Hitimisho hilo halina mashiko.

Tuanze na kalenda. Ukiacha sensa ya Juni 1841, nyingine zote za enzi hiyo zilifanyika mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Kukausha nyasi za malisho, kuvuna ngano na kuokota masuke yaliyosalia, kazi zilizowatoa wanawake na watoto majumbani, zilikuwa bado miezi kadhaa mbele. Tena maelekezo ya 1851 yalitaka kazi ya mwanamke iandikwe endapo aliifanya kwa kawaida, mbali na shughuli za nyumbani. Vibarua vya msimu vikapita katikati ya vidole. Halafu kuna suala la fedha. James Caird, aliyezunguka mashamba ya nchi hiyo mwaka 1850 na 1851, alikuta wastani wa ujira kusini ni shilingi 8 na peni 5 kwa wiki, kaskazini shilingi 11 na peni 6. Kwa shilingi nane, familia yenye watoto wanne ilipata mkate na vitu vichache sana vya ziada, hivyo pato la mke lilihitajika.

Kuna pingamizi lenye uzito. Huko Bedfordshire makarani wa sensa waliandika bila kusita wasukaji wa ukili wa mabua ya ngano uliotengenezewa kofia, na Buckinghamshire wafumaji wa lesi: wake za vibarua, hata watoto wadogo. Basi makarani hawakuwa vipofu; huenda kwingineko wanawake kweli hawakuwa na kazi. Lakini ukili ulisukwa mwaka mzima na kuuzwa kwa wachuuzi, ukiwa na jina na bei yake. Kupalilia turnipi kwa wiki tatu hakukuwa na jina la kazi. Kwa hiyo safu iliyojazwa tuiamini. Iliyo tupu haijasema lolote.

Tena si karani peke yake aliyeamua kilichoandikwa. Fomu iliachwa nyumbani aijaze mkuu wa kaya, naye karani akainakili. Asiyejua kuandika alijaziwa. Baadaye maofisa wa London walipanga upya hesabu: 1851 wake za wakulima wenye mashamba walihesabiwa miongoni mwa wenye kazi, ila 1881 wenye shughuli za nyumbani waliwekwa kando. Idadi ikashuka bila jembe hata moja kutuliwa. Hata neno “mwanafunzi” lisitupumbaze: sheria ya 1867 ilipiga marufuku kuajiri watoto wa chini ya miaka 8 katika magenge ya vibarua wa mashambani, na Bunge lisingehangaika na jambo lisilokuwapo. Anayetaka kumwona mke huyo kazini afungue vitabu vya hesabu za mashamba, pale vilipohifadhiwa: humo analipwa kwa siku, pungufu kabisa ya mwanamume.