Kidole Kile Kile: Mifumo Endeshi na Kumbukumbu ya Mguso

Kioo cha simu hakikijui kidole. Kinachohisi ni kwamba hapa na pale umeme wake umebadilika. Chipu inayokisoma hupita juu ya gridi yake mara nyingi kila sekunde, na kila ikipita huacha orodha ya madoa. Kati ya orodha moja na inayofuata huzuka swali gumu kuliko linavyoonekana: doa hili ni la kidole kile kile cha punde, au kile kimeinuka na kingine kimetua? Kidole kimoja hakina tabu. Viwili vikipishana, tabu huanza. Kila mfumo endeshi umelazimika kulijibu swali hili, na tofauti kubwa kati yao ni nani anayebebeshwa kazi ya kukumbuka.

Linux inafaa kutangulia, kwa kuwa mijadala yake hufanyika hadharani, na kwa kuwa yenyewe ilibadili msimamo. Toleo la 2.6.30, la mwaka 2009, lilileta itifaki ya miguso mingi, kazi ya Henrik Rydberg. Katika umbo lake la kwanza, linaloitwa A, kiini cha mfumo kilitaja madoa yote yaliyopo, kikafunga taarifa, kisha duru iliyofuata kikaanza upya bila kumbukumbu yoyote. Ni kama mwalimu anayehesabu vichwa darasani: anajua wako thelathini, hajui nani ni nani. Umbo la B, lililoingia na toleo la 2.6.36 mwaka 2010, ni mwalimu mwenye rejista. Kila kidole hupewa nafasi yake na namba ya kukifuatilia. Kikiinuka, namba hiyo hugeuka kuwa -1. Kikitulia bila kusogea, hakitajwi kabisa. Taarifa zikawa fupi, lakini ukimya nao ukapata maana, kiasi kwamba msomaji aliyepitwa na sehemu ya taarifa hana budi kuomba hali ya nafasi zote upya.

Umbo la A halikuwa kosa. Vifaa vingi vya wakati ule havikuweza kufuatilia vidole, na itifaki ilikataa kudai ujuzi ambao kifaa hakikuwa nao. Naiheshimu sana hadhari hiyo. Baadaye kiini chenyewe kilijifunza kuoanisha madoa ya sasa na ya punde kwa kutafuta mpangilio wenye jumla ndogo ya umbali, na leo nyaraka zake zinalitaja umbo la A kuwa limepitwa na wakati.

Apple ilianzia upande wa pili kabisa. Mwaka 2005 iliinunua FingerWorks, kampuni ya Wayne Westerman na John Elias iliyochipuka Chuo Kikuu cha Delaware, na miaka miwili baadaye ikatoa iPhone. Kwa kuwa kioo, chipu na mfumo vyote vilikuwa mikononi mwake, haikuwa na haja ya itifaki ya kupatanisha watengenezaji mbalimbali. Mwandishi wa programu hapewi orodha, hapewi nafasi. Hupewa kitu kimoja kwa kila kidole, UITouch, kinachozaliwa kidole kinapotua na kudumu hadi kinapoinuka. Hata sehemu ya skrini ilikoanzia mguso hubaki na mguso huo, kidole kikihama vipi. Linux inamwambia msomaji kilichobadilika. Apple inamkabidhi kidole chenyewe. Ajabu ni kwamba Apple hii hii huzifungulia sehemu za skrini kidole kimoja tu mpaka mwandishi aombe zaidi.

Android inasimama katikati, na ndiyo iliyomo katika simu nyingi zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue. Chini yake kuna Linux, na nafasi zake. Juu, tangu Android 2.0 ya mwaka 2009, vidole vyote hufungwa pamoja katika tukio moja, MotionEvent, pamoja na mienendo midogo iliyopita tangu tukio lililotangulia, ili mchoraji asipoteze mkunjo wa mstari. Ndani ya furushi hilo kila kidole kina vitu viwili: mahali pake katika orodha, panapoweza kubadilika mwenzake akiinuka, na kitambulisho kisichobadilika. Apple hailazimishi mtu kujua tofauti hiyo. Android inailaza mezani, na wanaoanza hujikwaa hapo.

Windows ilifika ikiwa na historia ndefu ya kipanya. Windows 7, mwaka 2009, ilimtaka mwandishi achague: apokee ishara zilizokwisha kufasiriwa, kama kukuza na kuzungusha, au ajiandikishe apokee miguso mibichi, iliyopimwa kwa sehemu za mia za pikseli. Windows 8, mwaka 2012, ikaunganisha kidole, kalamu na kipanya chini ya dhana moja ya kielekezi. Mgawanyiko huo, kati ya kidole cha Apple na kielekezi cha Microsoft, ulihamia kwenye wavuti. Matukio ya mguso, yaliyofuata mfano wa Safari ya iPhone, yalipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2013. Matukio ya kielekezi, yaliyotoka kwa Microsoft, mwaka 2015, na Safari yenyewe haikuyapokea hadi toleo la 13, mwaka 2019. Upande mmoja unaamini kidole ni kiumbe cha pekee. Mwingine unaamini mkono ni ule ule, chochote ulichoshika. Zote mbili ni hoja za watu makini.

Na bado mapokeo haya yanakutana mahali pamoja: yote yamejifunza kuikana taarifa yao. Kidole kimetua kwenye kitufe, programu imearifiwa, kisha mfumo unatambua kwamba mtumiaji alikuwa anavuta ukurasa. Hapo iOS, Android, Wayland (mfumo wa madirisha wa Linux) na wavuti hutuma neno la kubatilisha: yachukulieni niliyosema kama hayakuwa. X, mfumo wa madirisha uliozaliwa mwaka 1984, ulipopokea miguso mingi mwaka 2012 ulichagua njia yake. Programu kadhaa zinaweza kuusikia mguso kabla haujawa na mwenyewe. Aliye mbele katika foleni anaukubali au anaukataa, na akiukataa umiliki unapita kwa anayefuata. Ni utaratibu mzito, na waliouandikia programu wanaujua uzito wake. Lakini kati ya yote niliyoyataja, ndio unaokiri waziwazi kwamba maana ya mguso ni jambo la kushindaniwa.

Kwa unayeandika mchezo au programu ya kuchora kwa ajili ya Android, nina ombi. Kifuate kidole kwa kitambulisho chake, si kwa mahali pake katika orodha. Andika sehemu ya kubatilisha kwa uangalifu ule ule unaoupa kuinuka. Kisha iulize simu inaweza kufuatilia vidole vingapi, kwa maana Android huruhusu kifaa kutangaza kwamba kinamudu viwili kwa ishara za kukuza tu, viwili kwa uhakika, au vitano na zaidi, na simu ya bei nafuu ya msomaji wako huenda isiwe katika kundi la mwisho.