Maandishi yanayofifia juani

Wadau, leo tuzungumze rangi. Za Simba na Yanga tuziweke kando, hizo tumezibishania mpaka koo limekauka. Nazungumzia rangi za maandishi kwenye simu na tovuti zetu.

Pita Mtaa wa Msimbazi saa saba mchana, jua la utosini, ujaribu kusoma salio kwenye programu iliyoandikwa kijivu juu ya nyeupe. Katika kazi zangu za gazeti pale Kariakoo nimeona zaidi ya mara moja mama mfanyabiashara akimpa simu kijana asiyemjua amsomee kama hela imeingia. Siri ya fedha yake imetoka mkononi kwa sababu ya rangi tu!

Na mitaa hii dawa yake ilishaijua zamani. Nenda kwenye maduka ya kanga Mtaa wa Uhuru. Kanga zilianza kuandikwa maneno mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kilatini. Jirani asiposoma, ujumbe haujafika. Ndiyo maana jina la kanga hukaa sehemu yake, kwa herufi kubwa, mbali na vurugu za maua. Daladala nazo, zilizoruhusiwa rasmi mwaka 1983, zilikuja kupakwa mistari ya rangi kutambulisha njia zake, na majina ya vituo yakaandikwa vilevile. Asiyejua kusoma anatazama rangi, na asiyetofautisha nyekundu na kijani anasoma jina.

Kwenye kompyuta somo hilo lilichelewa. W3C, taasisi inayosimamia viwango vya wavuti duniani, ilitoa mwongozo wa kwanza mwaka 1999. Ulitaka rangi za maandishi na za nyuma yake zitofautiane vya kutosha, lakini haukutaja kipimo. Kipimo kilikuja Desemba 2008. Hupimwa tofauti ya mwanga kati ya rangi mbili, mafundi wanaiita kontrasti. Rangi zinazolingana hupata 1, nyeusi juu ya nyeupe hupata 21. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yafikie angalau 4.5, makubwa 3.

Kwa nini 4.5? Walifikiria uoni uliopungua kama wa mtu wa miaka 80 hivi. Yaani bibi yako.

Sasa tupime. Nyekundu kali juu ya nyeupe hupata 4 tu, haifuzu. Njano juu ya nyeupe haizidi sana 1. Nyekundu juu ya kijani cha kawaida haifiki hata 1.5, ingawa kwa macho mazima inaonekana inawaka.

Huu si uungwana tu, ni haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja hata intaneti katika ibara ya 9. Mwaka uliofuata tukatunga sheria yetu ya watu wenye ulemavu.

Kuongeza weusi kwenye herufi hakuhitaji mtambo mpya wala mkopo wa benki. Kinachohitajika ni mbunifu kukumbuka kwamba msomaji wake hajakaa ofisini kwenye kiyoyozi. Mama yule ana haki ya kusoma salio lake mwenyewe, kimyakimya.

Au wadau mnasemaje?