Mwendo sahili wa harmoniki

Mwendo sahili wa harmoniki ni mwendo wa kwenda na kurudi ambamo nguvu inayokirudisha kitu mahali pake pa utulivu hulingana na umbali wake kutoka hapo. Ni mada ya mekanika, na hesabu yake hutegemea kalkulasi ya sini na kosini: mahali kitu kilipo pakiwa x = A sin ωt (A ni umbali mkubwa zaidi kutoka penye utulivu, ω ni masafa ya pembe, t ni wakati), kasi ni Aω cos ωt, na mchapuko ni −Aω² sin ωt, yaani −ω²x. Sini ikinyambuliwa mara mbili hujirudia yenyewe kwa alama hasi, na hapo ndipo uzuri wote wa jambo hili ulipo. Kanuni hizi husimama hivyo endapo tu pembe zimepimwa kwa radiani.

Mfano wa maabara za shule nchini Kenya ni pendulamu: gololi kwenye uzi, inayobembea kwa pembe ndogo, huku mwanafunzi akipima muda wa mibembeo 20 kwa saa ya kusimamisha. Muda wa mbembeo mmoja ni 2π√(l/g), ambapo l ni urefu wa uzi na g ni mchapuko wa graviti, bila kujali uzito wa gololi. Nairobi iko karibu na ikweta, kwenye kimo cha mita 1,660 hivi, kwa hiyo g ni takriban 9.78 m/s², dhidi ya 9.81 ya London. Saa ya pendulamu iliyorekebishwa London ingechelewa Nairobi zaidi ya dakika mbili kwa siku. Magharibi mwa jiji, kuelekea Dagoretti na Karen, ardhi hupanda na g hupungua kidogo tena.